Kabla Friji Haijavuka Mokowe



Wasomaji wetu wapenzi, wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mtoto wa Amu niliyeletwa Kakamega na ndoa, na kwamba safu hii huiandika nikiwa mbali na bahari. Jambo nitakalolizungumza juma hili limeanzia huku bara, lakini mwisho wake uko kwenu, jikoni mwenu.

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, jirani yangu alinibishia hodi. Yeye na mumewe wana duka la vyombo vya umeme hapa mjini: friji, majiko ya gesi, pasi, feni na mashine za kufulia. Ni duka la familia. Mzee aliyelianzisha alikuwa akiuza taa za chemni na majiko ya makaa, wanawe wakaongeza redio, na sasa wajukuu ndio wanaoshika daftari. Jirani yangu alikuja na karatasi ya bei mkononi, akaketi, akaniambia, "Dada, tumeazimia kufungua tawi pwani. Tutaanza Malindi, kisha Lamu, Inshaallah. Wewe ni mwenyeji wa huko. Tuambie, watu wa visiwani wapenda friji ya namna gani?"

Moyo wangu ulifurahi. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipanda kutoka pwani hadi Mumias, katika kaunti hii hii ya Kakamega, ikileta nguo na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Baadhi yao hawakurudi. Walikaa, wakaoa, wakajifunza Kiwanga, na Uislamu ukashika mizizi Mumias mpaka leo. Sasa biashara inarudi njia ile ile, kutoka bara kwenda pwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini swali lake sikulijibu upesi. Nilimsimulia kwanza habari ya mdogo wangu aliyeko Amu, na nimeona niwasimulie na nyinyi.

Mdogo wangu ni mjane mwenye watoto watatu. Riziki yake ni juisi ya ukwaju, maji ya barafu na samaki anaowahifadhia wavuvi. Kwa miaka mingi alikuwa akiazima nafasi katika friji ya jirani. Zamu yake ya mchezo ilipofika, aliitoa fedha yote iwe malipo ya kwanza ya friji kubwa, na zilizosalia akakubali kulipa pole pole kwa miezi kumi na miwili. Duka lililomuuzia sitalitaja. Halikuwa la Amu, wala halikuwa na mtu wake Amu.

Friji ilisafiri kwa lori hadi Mokowe, ikapakiwa botini ikiwa imelazwa ubavu, ikashushwa gatini na kusukumwa kwa mkokoteni katika vichochoro vyetu ambavyo gari haliingii. Ilipofika nyumbani watoto walikuwa na hamu, ikachomekwa papo hapo. Hakuna aliyewaambia kwamba friji ikilazwa, mafuta ya kompresa humwagika na kuingia katika mabomba ya gesi, na kwamba yapaswa kusimama wima kwa saa kadhaa, na bora siku nzima, kabla ya kuwashwa. Mwezi wa kwanza iligandisha. Wa pili ikawa yapoza tu. Wa tatu ikanyamaza.

Mdogo wangu alipiga simu dukani. Aliambiwa waranti ipo, hapana shaka, ila airudishe friji kwenye karakana yao, na gharama ya kuisafirisha ni yake. Akapiga hesabu ya boti, hamali na lori, kwenda na kurudi. Jumla ilikaribia nusu ya bei ya friji yenyewe. Akakaa kimya. Lakini malipo ya kila mwezi hayakukaa kimya: alilipa miezi tisa zaidi kwa friji isiyopoza hata bilauri ya maji. Leo imo chumbani mwake. Amepanga ndani yake leso na nguo za watoto. Ni kabati zuri jeupe, na ndilo kabati la bei ghali kupita yote mtaani kwake.

Jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini sisi friji zetu ni nzuri, Dada. Miaka yote hii hapa Kakamega hatujarudishiwa nyingi." Ninaamini asemayo. Na hapo ndipo penye kosa ambalo mfanyabiashara mwema anaweza kulifanya bila ya kudhamiria: kudhani kwamba chombo kilichomfaa jirani wa Kakamega kitamfaa na mtu wa Amu.

Tazameni hali ya miji hii miwili. Kakamega iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku tunajifunika blanketi. Mvua hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja alasiri pamoja na radi. Adui wa vyombo vya umeme hapa ni radi: wingu likikusanyika, kila mama mwenye akili huchomoa televisheni na friji ukutani. Duka la jirani yangu laijua radi vizuri. Haliuzi friji bila kumshauri mnunuzi achukue na kifaa cha kuikinga umeme unaporuka.

Huko kwetu adui ni wengine. Wa kwanza ni joto. Friji nyingi zina kibandiko ndani au nyuma chenye herufi zinazoeleza imetengenezwa kwa mazingira gani. Herufi N ni ya mahali ambapo joto halizidi nyuzi 32. ST ni ya hadi nyuzi 38, na T ni ya hadi nyuzi 43. Friji ya N itaishi Kakamega kwa raha. Ipelekeni pwani mwishoni mwa kaskazi, muiweke katika jiko lisilo na dirisha kubwa karibu na moto wa mahamri, itafanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, itakula umeme, na haitadumu. Mtu wa pwani aombe T. Na hapa Kenya, tangu kanuni za mwaka 2016 za vibandiko vya matumizi ya umeme, friji hupaswa kuonyesha nyota zake: kadiri nyota zinavyozidi, ndivyo inavyokula umeme kidogo. Friji ya bei nafuu yenye nyota moja yaweza kuwa ghali kuliko ya nyota nne mkishaanza kuhesabu tokeni.

Wa pili ni chumvi. Upepo wa kusi huileta mpaka ndani ya nyumba, na hula mabomba ya nyuma ya friji, vichomeo vya jiko la gesi na skrubu za kila kitu. Chuma kisichopakwa rangi vizuri huanza kutu kabla mwaka haujaisha. Tena maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi, nayo huacha ukoko katika birika la umeme na mashine ya kufulia. Dawa yake si ngumu: mabomba ya nyuma yafutwe mara kwa mara kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, friji ikiwa imechomolewa, iachiwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani ipate hewa, na birika lichemshwe na maji ya ndimu. Lakini muuzaji ndiye aliyepaswa kuyasema hayo siku ya kuuza.

Wa tatu ni umeme wenyewe. Amu zamani iliwaka kwa mitambo ya dizeli, kisha ikaunganishwa na gridi ya taifa kwa laini itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen. Lakini kisiwa ni kisiwa. Ndugu zetu wa Unguja watatufundisha. Waya wao wa chini ya bahari kutoka Bara uliwekwa mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Fikirini mama aliyekuwa akiuza barafu na askirimu, au aliyekuwa na samaki kwenye friza. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, na Unguja ikaongezewa waya mkubwa mwaka 2013. Mama wa kisiwani aliyejenga riziki yake juu ya friji amejiegemeza kwenye waya mmoja mrefu, na muuzaji anayemwendea sharti alijue hilo kabla ya kumwandikia deni la mwaka mzima.

Niongeze neno kwa wale ambao watoto wao wako Ughaibuni. Vyombo kutoka Omani na Imarati hutumia umeme unaokaribiana na wetu. Saudia ni kwingine: umeme wake huenda kwa mizunguko 60 ilhali wetu ni 50, na vyombo vya miaka ya nyuma vingi vilikuwa vya volti 110 au 127. Ukivichomeka hapa kwenye volti 240, huungua siku hiyo hiyo. Msomeni kibandiko kabla ya kulipia mzigo.

Nilipofika hapo jirani yangu alikuwa ameanza kuandika nyuma ya karatasi yake ya bei. Akaniuliza juu ya kuuza kwa awamu, kwa sababu mumewe anaamini kwamba pwani bila awamu hakuna soko. Huenda ni kweli. Jambo hili si geni: kampuni ya cherehani ya Singer ya Marekani iliuza kwa malipo ya kidogo kidogo tangu miaka ya 1850, na cherehani imewasitiri wajane wengi duniani. Kukopa si aibu. Lakini wahenga wametuambia kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi Waislamu tuna mengine ya kuangalia zaidi ya matanga.

Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya kulipa pole pole iwe kubwa kuliko bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wanaouziana wakubaliane bei moja, siku ile ile ya mkataba, wala isibadilike baadaye. Baraza la kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilitoa uamuzi huo, na likasema pia kwamba mnunuzi akichelewa, haijuzu kumwongezea kitu juu ya deni, kwa kuwa hiyo ni riba. Basi ile faini ya kuchelewa iliyoandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa fomu, ndiyo ya kusomwa mwanzo. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Haikwambii umwamini muuza friji kwa sababu amevaa kofia safi. Mwenye shaka juu ya mkataba wake na ampelekee shehe wake kabla ya kutia sahihi, si baada.

Sheria ya nchi nayo ina ngao zake. Sheria ya Kenya inayosimamia uuzaji wa kukodisha na kulipa kidogo kidogo, Sura ya 507, yataka mnunuzi aelezwe bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya kufunga mkataba, ili ajue anaongezewa kiasi gani. Pia mtu akishalipa thuluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua kwa nguvu; sharti aende mahakamani kwanza. Na kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na ya kupewa maelezo ya kumwezesha anufaike nayo. Mdogo wangu hakuyajua hayo. Laiti angeyajua, asingelipa miezi tisa kimya kimya.

"Kwa hiyo watutisha tusiende?" jirani yangu aliniuliza, nusu kwa mzaha.

Nikamwambia la, nendeni, lakini msikimbie. Nikamkumbusha habari ya Nakumatt, ambayo kila Mkenya aijua. Ilianza Nakuru, duka la familia lililouza magodoro, na jina lake limetokana na hayo. Likakua mpaka Nyali na Diani, likavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, likawa na matawi zaidi ya sitini. Halikukosa wateja. Liliwazidi wenyewe kwa madeni: waliolipelekea bidhaa hawakulipwa, rafu zikabaki tupu, na mwaka 2018 likawekwa chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura lifungwe. Wafanyakazi wakarudi makwao mikono mitupu. Duka laweza kufungua milango mingi likawa halina nguvu nyuma ya mlango hata mmoja.

Nguvu yenyewe ni nini kwa duka la friji? Ni fundi. Nilimwambia jirani yangu hivi: watu wa Amu hawatakuuliza una friji za namna gani, watakuuliza fundi wako anakaa wapi. Akiwa Amu, uza. Akiwa Malindi na ana nauli ya kuja, uza pia. Akiwa Kakamega, basi unachouza ni kabati.

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Aliondoka kabla ya magharibi na karatasi yake imejaa wino pande zote mbili.

Jumanne alirudi. Yeye na mumewe walikuwa wamekesha juu ya hesabu. Kumweka fundi kisiwani, kumpa akiba ya vipuri, kulipia boti ya kumfikisha Pate na Faza akiitwa, na kubeba gharama ya friji itakayorudishwa kabla waranti haijaisha: yote hayo yakitiwa katika bei, friji yao itakuwa ghali kuliko ya wauzaji wengine. Yakiachwa nje ya bei, faida yote inaliwa. Mume alisema, "Wenzetu wanauza bila fundi na wanapata." Mke akasema, "Nao wamemwachia mjane kabati." Basi wakakubaliana hivi: tawi la Malindi litafunguliwa. Kuhusu Amu, wataanza na feni, pasi na majiko ya gesi, vitu ambavyo mafundi wa Amu wenyewe wanaviweza. Friji hazitavuka Mokowe mpaka kijana mmoja wa Amu awe amekaa nao Kakamega na kujifunza kazi ya friji barabara, kisha arudi kwao na sanduku la vipuri. Hiyo ni karibu mwaka mzima wa kungoja. Mume hajaridhika sana. Anaogopa kwamba mwaka huo mwingine atawahi.

Huenda akawahiwa kweli. Biashara ina mapito yake, na mwenye subira hashindi kila siku. Mimi sina uwezo wa kumzuia huyo mwingine asije kwenu. Ila nyinyi mnao. Siku lori litakapowaletea duka jipya na mabango yake ya bei ya punguzo, msiulize bei kwanza. Ulizeni haya matano, na mwombe majibu yaandikwe kwenye stakabadhi:

Fundi wenu yuko mji gani, na anakuja kwa gharama ya nani?

Friji hii ni ya T, na ina nyota ngapi?

Nani atakayeisafirisha, na itasimama wima njia nzima?

Bei ya taslimu ni ngapi, bei ya pole pole ni ngapi, na nikichelewa itakuwaje?

Ikiharibika kabla sijamaliza kulipa, malipo yanasimama au yanaendelea?

Muuzaji mwema hatakasirika. Biashara haigombi. Atakayekasirika amekujibu.

Usiku wa Jumanne nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, huyo kijana watakayemfundisha, akirudi aje aiangalie na hii yangu. Pengine ni gesi tu." Nikamwambia nitamwambia jirani. Akasema nguo za watoto ataanza kuzitafutia mahali pengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na majirani wanaosikia wakiambiwa. Tukutane juma lijalo, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.